Raha za kasri? Muulize Mary Sidney
Uliyeuliza kama wanawake wa kikabaila kwenye kasri la akina Tudor, ukoo wa kifalme wa Uingereza wa zamani, walikuwa wakistarehe tu: si wote, ndugu yangu. Mchukue Mary Sidney, dada yake Robert Dudley, kipenzi cha Malkia Elizabeth wa Kwanza. Oktoba 1562 Malkia Elizabeth wa Kwanza alishikwa na ndui pale Hampton Court, kasri lake karibu na London, hali ikawa mbaya hadi wakubwa wakaanza kuulizana nani atarithi kiti. Mary ndiye aliyemuuguza. Malkia akapona, Mary akaambukizwa, uso ukaharibika vibaya. Mumewe Henry, aliyekuwa ameenda Le Havre, Ufaransa, aliandika baadaye kwamba alimwacha mrembo, aliporudi akakuta ndui imemharibu kabisa. Mume huyo!

Fidia? Mwaka 1572 Henry alipotajwa kupewa ubaroni, yaani cheo cha kikabaila, Mary alimwandikia Lord Burghley, mshauri mkuu wa Malkia, kuomba wasipewe cheo kisichokuja na mali, maana gharama zake wasingezimudu. Heshima bila pesa ilikuwa mzigo. Na mwaka 1578, pale pale Hampton Court alikomuuguza Malkia, alikuwa bado anabembeleza aongezewe chumba.