Usitupe Bado: shanga zinazovimba, bangili zenye makunyanzi na viroba vinavyochanika

Barua za safari hii karibu zote zina kilio kimoja: kitu kimetengenezwa, kimependeza, kisha baada ya wiki mbili kimeharibika. Tulipozisoma vizuri tuliona kwamba tatizo kwa kawaida si mkono wa mtengenezaji. Ni maandalizi: kitambaa hakikufuliwa, gundi haikusubiriwa, ukingo haukufungwa. Majibu yetu yanaanzia hapo.

Natengeneza shanga za karatasi za kalenda na kuzipaka vanishi. Akizivaa mtu anayetokwa jasho, ncha zinafumuka na shanga zinavimba. Nakosea wapi? — Msomaji, Tanga

Dada, jasho haliingilii mgongoni mwa ushanga, linaingilia kwenye tundu. Ukipaka kwa brashi, vanishi inashika nje tu. Ncha mbili na ndani ya tundu hubaki karatasi tupu, nayo hunyonya maji na kuvimba hata kama nje kunang'aa. Acha brashi, anza kuchovya.

Lakini tuanze na ukataji, maana ncha inayofumuka huanzia huko. Kata pembetatu nyembamba zenye kitako cha sentimita 2 na urefu wa karibu sentimita 30. Ukizipanga kwa kupishana, moja kitako juu na nyingine kitako chini, ukurasa wa A4 unatoa takribani pembetatu 20 bila kupoteza karatasi. Pitisha kisu kwenye rula ya chuma, kwa sababu mkasi huachia ukingo wenye mawimbi, na ushanga wake hutoka umepinda upande mmoja.

Kwa kuzungushia, chukua spoki ya baiskeli. Unene wake wa milimita 2 hivi hutoa tundu linalopitisha uzi vizuri. Anzia kwenye kitako. Mzunguko wa kwanza usiwe na gundi, la sivyo ushanga utagandia spoki na utachanika ukiuvuta. Kuanzia hapo paka gundi nyeupe ya mbao, nyembamba, mpaka kwenye ncha. Wengi hupaka ncha peke yake, kwa hiyo matabaka ya kati hayajashikana, na ncha ikiachia tu ushanga wote unafunguka. Vuta karatasi ikaze huku unazungusha. Ushanga mzuri ukiuminya kwa vidole haubonyei.

Ziache zikauke saa 24, na wakati wa masika saa 48. Ukichovya ushanga wenye unyevu ndani, unyevu unafungiwa humo na vanishi inakuwa na ukungu mweupe. Kisha zitunge kwenye mshipi wa kuvulia, ukiacha nafasi kati ya ushanga na ushanga, zitose kwenye vanishi kwa sekunde moja, zitoe, pulizia matundu ili yasizibe, halafu tundika. Rudia mara 2 au 3, ukisubiri kila tabaka likauke kabisa. Fanya kazi hii mahali penye hewa, mbali na jiko linalowaka.

Jaribio dogo kabla ya kununua vanishi: sugua karatasi kwa kidole chenye maji. Wino ukihama, vanishi ya maji itachafua rangi, basi tumia ya mafuta. Kalenda na majarida kwa kawaida hayahamishi wino. Kurasa zilizochapwa kwa printa ya nyumbani mara nyingi huhamisha.

Unapotunga mkufu, weka ushanga mdogo wa kioo kati ya kila shanga mbili za karatasi. Vitako vya karatasi vikisuguana vinakwanguana vanishi, na hapo maji yamepata mlango. Shanga 20 za sentimita 2 pamoja na vioo 21 vya milimita 2 zinakupa mkufu wa sentimita 44 hivi. Mwambie mteja ajipulizie manukato kwanza, yakauke, ndipo avae, kwa sababu spiriti iliyomo hufifisha mng'ao wa vanishi. Ukitaka kuona kazi hii ilipokomazwa, tazama shanga za akina mama wa Acholi Quarter, Kireka, pembezoni mwa Kampala. Uzito na ukazaji wake ndio kipimo cha kufuata.

Nafunika pete ya chupa ya plastiki kwa mabaki ya kitenge ili kupata bangili. Kitambaa kinakunjamana na gundi inaacha madoa. — Msomaji, Morogoro

Sababu ni mbili. Ya kwanza, kitenge kipya kina dondo, yaani wanga wa kukazia nguo, na gundi inashika dondo badala ya kushika nyuzi. Fua mabaki kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kausha, piga pasi. Ya pili, unakata kufuata uzi. Utepe uliokatwa wima hauna mvutano, kwa hiyo ukifika kwenye mviringo unajikunja. Kata mshazari, kona kwa kona, nao utavutika na kulala.

Chupa ya nusu lita ina kipenyo cha karibu sentimita 6.5, kinachotosha mikono mingi ya watu wazima. Ile ya lita moja na nusu ni pana mno, bangili itadondoka. Kata pete ya upana wa sentimita 3. Washa pasi moto wa kati, tandika karatasi ya kuokea juu ya bamba lake, na gusisha ukingo wa pete sekunde 2 huku ukiizungusha. Plastiki itajikunja kidogo kuelekea ndani na ukingo utakuwa mgumu usiokwaruza ngozi. Usitumie mshumaa: moto wa wazi huunguza sehemu moja na kuacha nyingine, na moshi wake si wa kuvuta.

Utepe wa kitenge uwe na upana wa sentimita 3.5. Kunja nusu sentimita ya upande mmoja na uipige pasi. Huo ndio ukingo utakaoonekana. Mita 1 inatosha bangili moja. Paka gundi kwenye plastiki, usipake kwenye kitambaa, tena kidogo kidogo kwa sehemu unayokwenda kufunika. Madoa unayoyaona ni gundi iliyozidi na kupenya. Kila mzunguko ufunike theluthi moja ya uliotangulia, na mwisho wake umalizie ndani ya bangili kwa sindano na uzi. Usiutegemee ushikwe na gundi pekee.

Tunaokota ndala nyingi ufukweni. Tunataka kutengeneza hereni na vishikio vya funguo, lakini tukiunganisha rangi mbili zinaachana. — Kikundi cha vijana, Kilifi

Mali mnayo. Jahazi la Flipflopi lililojengwa Lamu na kusafiri hadi Zanzibar mwaka 2019 lilifunikwa ndala za aina hiyo hiyo, zipatazo 30,000.

Osheni ndala kwa brashi na sabuni mpaka chumvi na mafuta vitoke, kisha zianikwe kivulini. Jua kali huzifanya zisinyae, na kipande kilichosinyaa hakilingani tena na mwenzake. Tumieni sehemu ya mbele na ya katikati. Kisigino kimeshagandamizwa na uzito wa mtu, hakina unene sawa.

Sasa gundi. Kwaruzeni nyuso zote mbili kwa msasa namba 80, futeni vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, acheni zikauke. Pakeni gundi ya viatu tabaka jembamba pande zote mbili, kisha msiziunganishe. Subirini dakika 10 hadi 15, mpaka ukigusa kwa kidole gundi haikufuati. Hapo ndipo mzikutanishe na kuzigandamiza kwa nguvu. Mkiunganisha gundi ikiwa mbichi, kiyeyusho chake hakina pa kutokea, na baada ya siku chache kiungo kinafunguka. Bila shaka ndicho kinachowapata.

Kateni siku inayofuata kwa wembe mpya uliochovywa kwenye maji ya sabuni, kwa kuvuta mara moja. Kusukuma na kurudisha kunaacha meno. Malizieni kwa msasa namba 150, kisha 240. Vaeni barakoa, na vumbi pamoja na vipande vidogo msivichome. Jazeni navyo mito ya kuchomekea sindano.

Mfuko wa kiroba nilioshona ulichanika kwenye mshono kama umepigwa mstari wa matundu. — Msomaji, Mbeya

Ndivyo hasa ilivyokuwa: sindano ilitoboa matundu ya karibu karibu. Tumia sindano namba 16 na mshono mrefu, milimita 4. Ukingo wowote uliokatwa ukunjwe mara mbili kabla ya kushonwa, kwa sababu nyuzi za kiroba zinateleza zenyewe. Usiupige pasi, utayeyuka. Kandamiza mkunjo kwa mgongo wa kijiko.

Kiroba cha kilo 50, ukifumua chini na kukipasua ubavu mmoja, kwa kawaida kinatoa mifuko 2. Kila kipande kiwe sentimita 50 kwa 98: mbele 40, kitako 12, nyuma 40, na 6 za mapindo. Upande wa nyuma maandishi yatasimama kichwa chini, ndivyo inavyokuwa. Mkanda shona kabla ya kufunga ubavu, na usiuishilizie mdomoni mwa mfuko. Uzungushe mmoja wa mita 3, sentimita 15 kutoka kila ukingo, upite chini ya kitako, kila mpini ukiwa na sentimita 55, na kiungo kiwe kitakoni. Hivyo viazi vinabebwa na mkanda, wala si na mshono. Kisha funga mbavu, bana kila pembe ya chini na ushone mstari wa sentimita 12; ndio unaokipa kitako upana.

Kiroba cha saruji kipukute nje na ukioshe ukiwa na glovu, saruji huunguza ngozi. Na mfuko ukishakamilika usiuache kwenye kamba juani: jua huozesha nyuzi hizi mpaka zinavunjika zenyewe. Ukitia bitana ya kitenge, mfuko utadumu zaidi.

Nikitoboa kopo la maziwa ili nipandie mimea, linabonyea. — Msomaji, Nakuru

Mama, lijaze maji, ligandishe kwenye friji, kisha toboa kwa msumari barafu ikiwa ndani. Huna friji, shindilia mchanga wenye unyevu. Matundu 5 ya chini yanatosha. Weka kokoto kabla ya udongo, na uinue kopo juu ya vijiwe viwili ili maji yatoke. Makopo ya rangi na ya dawa za wadudu usipandie mboga hata ukiyaosha mara ngapi.