Maswali ya Wasomaji: Kicheza Muziki cha Mfukoni

Barua tatu tulizochagua kwa toleo hili zimetoka Sikonge, Ujiji na Kigoma mjini, na zote zinahusu vile vifaa vidogo vya kupigia muziki ambavyo watu wengi wa mikoa yetu wanaendelea kuvitumia ingawa simu zimeenea.

Ndugu Mhariri, mimi ni mfugaji wa nyuki. Msimu wa kurina ninakaa porini majuma kadhaa bila umeme wala mtandao, na burudani yangu ni kicheza muziki kidogo ninachokichaji kwa sola. Zamani kilikaa na chaji siku mbili, sasa nusu siku hakimalizi. Tena nimenunua memori kadi ya GB 128 kwa bei nafuu, fundi akanijazia nyimbo, lakini nyingi hazipigi: jina linaonekana, sauti haitoki. Je, ninunue kifaa kingine, au nitumie simu tu?
*Mfugaji wa nyuki, Sikonge*

Ndugu yetu, usikitupe kifaa chako kabla ya kuchunguza mambo mawili. Kuhusu simu, ushauri wangu ni kwamba iache iwe ya kupigia na kupokea taarifa, maana ukiwa porini chaji ya simu ni usalama wako. Kicheza muziki hakitafuti mtandao, na kioo chake, kama kinacho, ni kidogo, ndiyo maana kinatumia umeme kidogo sana.

Tuanze na betri. Betri ya lithiamu, ambayo ndiyo iliyomo kwenye vifaa vingi vya aina hii, huchoka kadiri inavyochajiwa, lakini kinachoiharibu haraka zaidi ni joto. Hebu kumbuka unapokiweka kifaa wakati wa kuchaji. Wengi hukilaza juu ya paneli yenyewe au kando yake, juani, na kwa jua la Oktoba kasha la plastiki linakuwa la moto kiasi cha kutoshikika. Vuta waya hadi kivulini, paneli ibaki juani peke yake. Usingoje pia kifaa kizime ndipo ukichaji. Desturi hiyo ilitokana na betri za zamani za nikeli na kadimiamu, na kwa lithiamu haina faida yoyote. Msimu ukiisha na kifaa kinakwenda kuwekwa kabatini, kiache na chaji nusu, kisijae wala kuisha kabisa. Ukiona kasha limetuna au kifuniko kinaachia, acha kukichaji mara moja, usiitoboe betri, mpelekee fundi abadilishe.

Memori kadi yako nina mashaka nayo makubwa. Zipo kadi bandia ambazo uwezo wake halisi ni GB 8 au pungufu, lakini zimechezewa ndani ili zijitangaze kuwa na GB 128. Nyimbo za mwanzo huingia salama, na nafasi ya kweli ikishajaa zinazofuata zinapotea au zinafuta za mwanzo, huku orodha ya majina ikibaki imekamilika, na hiyo ndiyo hali uliyotueleza. Namna ya kuipima ni kuijaza mpaka mwisho, kisha kupiga nyimbo zilizoingizwa mwanzoni, katikati na mwishoni. Zisipopiga, mrudishie aliyekuuzia. Lipo pia jambo la pili: vicheza muziki vingi vya bei ya chini havisomi kadi inayozidi GB 32, hata ikiwa halisi. Nawe huihitaji kubwa kiasi hicho. Wimbo uliohifadhiwa kama MP3 (faili la sauti lililobanwa) ya kilobiti 128 kwa sekunde huchukua karibu MB 1 kwa dakika, kwa hiyo kadi ya GB 32 itabeba zaidi ya nyimbo 7,000 za dakika nne nne. Zima kifaa kwanza kabla ya kuchomoa kadi. Na fundi akikuambia kwamba virusi vimekula nyimbo na dawa ni kufomati, yaani kufuta kadi yote, mwombe kwanza atazame mafaili yaliyofichwa, kwa sababu mara nyingi virusi hivyo huficha tu mafaili halisi na kuweka njia za mkato mahali pake.

Wanangu, asalaam alaykum. Marehemu baba aliniachia kaseti za kaswida, mawaidha na sauti za harusi za ukoo wetu. Redio kaseti bado ninayo, ila mkanda unalia na kuvuta. Mjukuu amenizawadia kicheza muziki kidogo cha kuning'iniza shingoni. Je, sauti za baba zinaweza kuingia humo?
*Bibi wa Ujiji*

Wa alaykum salaam, bibi yetu. Zinaweza, na tunakusihi kazi hiyo ifanyike mapema, maana mkanda wa kaseti huchakaa hata ukiwa umewekwa tu, hasa penye joto na unyevu kama huko kandokando ya ziwa. Wimbo wa dukani ukipotea utaupata kwa jirani. Sauti ya baba yako ikipotea haiko kwa mtu mwingine yeyote.

Kwanza, kila kaseti ina vibao viwili vidogo vya plastiki kwenye ukingo wa juu, upande ulio mkabala na ule unaoonyesha mkanda. Mjukuu avivunje vyote viwili, ili hata mtu akibonyeza kitufe cha kurekodi kwa bahati mbaya, sauti isifutike. Kisha achukue pamba iliyoloweshwa spiriti kidogo na kufuta kichwa cha redio kinachosoma mkanda pamoja na kile kigurudumu cha mpira kinachosukuma mkanda. Pamba itatoka na uchafu wa rangi ya kahawia. Aendelee kubadilisha mpaka itoke safi, aache pakauke. Mara nyingi kulia na kuvuta hupungua hapo hapo. Mkanda uliolegea ukazwe kwa kuzungusha penseli katika tundu la kaseti, halafu kaseti ipelekwe mbele hadi mwisho na kurudishwa mara moja kabla ya kurekodi.

Baada ya hapo, waya wenye pini ndogo pande zote mbili utoke kwenye tundu la spika za masikioni la redio uingie kwenye kompyuta. Kompyuta nyingi za mapajani hazina tundu la kuingizia sauti, kwa hiyo huenda fundi akahitaji kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye USB. Programu ya kurekodia sauti iitwayo Audacity inatosha kabisa, na haiuzwi. Sauti isifunguliwe hadi mwisho, kwani ikigonga kilele inapasuka na haitengenezeki tena. Mtu hawezi kuharakisha kazi hii: kaseti ya dakika 60 itachukua dakika 60, na inafaa uwepo ukisikiliza, kwa sababu wewe ndiye unayejua ni nani anayezungumza. Mjukuu naye alipe kila faili jina la msemaji, tukio na mwaka, badala ya kuyaacha yakaitwa wimbo wa kwanza na wa pili.

Mwambie fundi akuwekee nakala kamili za WAV (mafaili ya sauti yasiyobanwa), ambazo kwa ubora wa CD ni takriban MB 10 kwa dakika, na kutokana nazo akutolee MP3 za kuingiza kwenye kicheza muziki chako. Zile kamili zikae sehemu mbili, kwa mfano diski moja kwako na nyingine kwa ndugu aliye mbali. Kaseti zenyewe usizitupe.

Binti yangu anasoma Tabora, na husafiri kwa treni. Anavaa spika za masikioni tangu tunapoagana Kigoma hadi anafika, na nikiwa karibu naye nausikia muziki wenyewe. Je, nina haki ya kuhofu?
*Mzazi, Kigoma mjini*

Unayo. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba sauti ya desibeli 80 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) isikilizwe kwa saa zisizozidi 40 kwa wiki, lakini ikifika desibeli 90 muda salama ni saa 4 tu kwa wiki nzima. Safari moja ya reli kutoka Kigoma hadi Tabora inaumaliza muda huo wote. Chembe za ndani ya sikio zinazopokea sauti zikishakufa hazioti tena, na binti hatahisi maumivu yoyote wakati zinapokufa.

Usimnyang'anye, ila mweleze kinachompandisha sauti: ni kelele za behewa. Mnunulie spika zenye mpira laini unaoziba tundu la sikio vizuri, naye ataweza kusikiliza akiwa chini ya asilimia 60 ya sauti ya kifaa. Kama kifaa kina sehemu ya kuwekea kikomo cha sauti, kiwekeni pamoja naye. Azivue kila baada ya saa moja hivi, na asilale nazo. Akishuka akasikia mlio masikioni, au sauti za watu zikamjia kama zimefunikwa, apumzishe masikio. Hali hiyo ikiendelea hadi kesho yake, mlezi wake ampeleke kwa daktari wa masikio bila kungoja likizo.