Diski ya tatu: umeme unatosha, hesabu matundu ya SATA

Umeuliza kama kompyuta yako yenye diski mbili inaweza kuongezewa ya tatu bila kubadili pawa saplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta). Ndiyo, inaingia. Diski ya inchi 3.5 hula wati 6 hadi 10 hivi ikiwa kazini. Matumizi hayo yanapanda kwa sekunde chache tu inapoanza kuzunguka. Kinachokwamisha wengi ni matundu ya SATA kwenye ubao mama, yaani yale ya kuchomekea waya wa data wa diski. Na kwa kuwa diski yako ya kwanza ni ya M.2 (ile nyembamba inayochomekwa moja kwa moja kwenye ubao mama), soma kijitabu cha ubao huo: kwenye mbao nyingi ukichomeka M.2, tundu moja au mawili ya SATA yanazimwa kimyakimya. Mimi nilimaliza mchana mzima nikibadilisha waya nikidhani diski imekufa, kumbe nimeichomeka tundu la 5 lililozimwa. Kuihamishia la 2, ikaonekana hapohapo kwenye BIOS, programu ya ubao mama inayoanza kabla ya Windows.

BIOS ikiiona na Windows isiioneshe, usiirudishe dukani. Ni mpya, haijaandaliwa. Iandae kwenye sehemu ya kusimamia diski, uchague GPT, mpangilio mpya wa kugawa diski. MBR, ule wa zamani, inagota kwenye TB 2, kinachozidi hakitumiki.

Angalizo moja: waya wa umeme utumie uliokuja na pawa saplai yako. Wa pawa saplai nyingine, hata ukiingia vizuri, mpangilio wa pini upande wa pawa saplai unaweza kuwa tofauti, volti 12 zikapita njia ya volti 5. Hapo diski zote zilizo kwenye waya huo zinaungua kwa mpigo.