Darubini mpya, ndege haonekani

SWALI: Nimenunua darubini ya 10×50 nitazame ndege Msitu wa Karura, Nairobi. Naona majani tu, tena yanatikisika. Macho yangu mabovu? – Msomaji, Ruaka

JIBU: Macho hayana kosa. Kukuza mara 10 kunakuza pia mtetemo wa mikono na kubana eneo unaloliona. Msituni 8×42 (inayokuza mara 8, lenzi za mbele zina upana wa milimita 42) inafaa zaidi. Lakini usiiuze yako bado, huenda hujairekebisha. Funika lenzi ya kulia, zungusha gurudumu la kati mpaka jicho la kushoto lione jani vizuri. Kisha funika ya kushoto na, bila kugusa gurudumu, zungusha pete iliyo kwenye kioo cha jicho la kulia mpaka nalo lione jani lilelile vizuri. Viwiko vibane mbavuni.

Ingia lango likifunguliwa asubuhi, maana jua likishapanda ndege wengi hunyamaza. Mwone ndege kwa macho kwanza, usimwondolee macho, ndipo unyanyue darubini. Wengi hufanya kinyume, wakaishia kupekua matawi. Kwa mfano, ndege aitwaye shorobo wa Hartlaub (kwa Kiingereza Hartlaub's turaco) hukaa juu mitini, rangi ya kijani imemficha. Subiri sauti yake ya kukoroma. Akiruka, mabawa mekundu yanaonekana hata bila darubini. Na tafadhali, usimchezee rekodi ya sauti yake kwenye simu ili kumvuta: humvuruga, hasa akiwa na kiota.