Hapsikodi Yasikika Tena

Swali: Mhariri, assalamu alaikum. Nimesikia redioni muziki wa hapsikodi wa karne ya 18. Mbona ulisahauliwa, na nianzie wapi? (Msomaji, Lamu)

Jibu: Waalaikumu salamu, ndugu yetu. Hapsikodi, kinanda cha kale ambacho nyuzi zake hudonolewa kama za udi, kilisukumwa kando na piano, ambayo humwezesha mpigaji kupaza au kufifiza sauti kwa nguvu ya kidole, na kazi kama za mtunzi Pancrace Royer, zilizochapishwa Ufaransa mwaka 1746, zikabaki makabatini. Rekodi ndizo zilizozifufua: mpigaji hapsikodi Scott Ross alirekodi sonata (vipande vya ala bila kuimba) zote 555 za mtunzi Domenico Scarlatti katika miaka ya 1980. Wewe anza na kazi za Royer zilizorekodiwa na mpigaji hapsikodi Christophe Rousset, hasa “Le Vertigo”, kipande chenye ghadhabu ninayoipenda mno.