Kona ya Gemu: Mabaki Yale Usiyaache Yakielea Tu

Safari hii meseji nyingi zimegusa jambo moja, teknolojia ya kuokota kwa viumbe wengine kwenye magemu ya mikakati ya anga, hasa Stellaris, lile gemu la kujenga himaya yako angani. Nimechagua tatu, zingine zinajirudia so msininunie.

SWALI: Kaka mhariri habari za kazi. Nacheza Stellaris, nimepigana vita tatu zote nimeshinda, lakini jirani yangu ambaye hajawahi kurusha hata risasi teknolojia yake iko juu kuliko yangu. Sasa faida ya kushinda ni nini? Pale meli zilipolipukia naona vialama vimebaki, nachagua manowari zangu nabonyeza weee hakuna kinachotokea. (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Nzuri kaka. Yaani umekaa juu ya hela halafu unalia njaa, hivyo vialama ndo faida yenyewe. Ni mabaki ya meli ulizolipua, na manowari haziyafanyi kitu hata uzilaze pale mwaka mzima, kwa sababu anayetakiwa pale ni mwanasayansi na siyo mwanajeshi. Chukua meli ya sayansi, hakikisha ina mwanasayansi ndani (wengi wanasahau hapa, meli tupu haifanyi utafiti), ichague, bonyeza kitufe cha kulia cha mausi juu ya mabaki uiagize ikayachunguze. Ikimaliza, kama yule adui alikuwa na kifaa ambacho wewe huna, unapewa sehemu ya utafiti wake, siyo kifaa kamili mkononi ila kazi inakuwa imeshasogea na wewe unaimalizia.

Na kwa nini hili ni kubwa, ni kwa sababu Stellaris haina ule mti wa teknolojia ambao unauona wote toka mwanzo ukapanga safari yako. Inakugawia karata. Fani ziko tatu, fizikia, jamii na uhandisi, na kwa kawaida unaanza na chaguo tatu kwa kila fani, ukichagua moja ukamaliza zinachanganywa tena, so unaweza kukaa miaka mingi ya kwenye gemu unasubiri karata fulani na haiji tu. Mabaki yanakutolea karata ambayo wewe ungeisubiria sana, na zipo ambazo kwa mgao wa kawaida zilikuwa haziji kabisa.

Mfano mzuri ni wale viumbe wa porini unaokutana nao mapema, mwaka 2200 na ushee wa kwenye gemu, ambao watu wengi wanawakwepa. Viumbe wa fuwele ukiwaua ukachunguza mabaki yao unapata njia ya kutengeneza bamba za fuwele za kuongezea uhai wa bodi ya meli. Amiba wa anga wanakupa ile nyama inayojiponya yenyewe, meli imechubuliwa vitani leo, baada ya muda unaikuta inajirudi bila kupelekwa gereji. Yale mawingu ya kutisha yanakupa silaha ya radi. Roboti za kuchimba madini nazo zina leza yao, ila hiyo kusema kweli mimi sijawahi kuona maana yake, labda kama huna kitu kingine.

Sasa turudi kwako, vita tatu hukupata kitu, mi nahisi ulikuwa unapiga vibonde. Ukimpiga aliye chini yako ukafungua meli yake utakuta vitu vile vile unavyo nyumbani, hapo hakuna cha kujifunza. Mabaki matamu ni ya mtu aliyekuzidi, hata kama umefanikiwa kulipua meli zake mbili tu kati ya kumi. Huyo jirani yako mpole naye hajafanya uchawi, hela uliyomwaga wewe kwenye manowari yeye kamwaga kwenye maabara, na mabaki hata yawe mengi vipi hayazibi pengo la maabara, ni nyongeza tu.

Angalizo moja limenigharimu mwenyewe. Nilishinda vita moja mpakani, nikafurahi, papo hapo nikaita meli ya sayansi na mwanasayansi wangu bora niliyemlea toka gemu inaanza, kumbe adui kundi lake la pili lilikuwa mfumo wa nyota wa pembeni linakuja. Meli za sayansi hazina hata bunduki. Ikaenda na mtu wangu ndani. Toka siku hiyo meli ya sayansi inakaa nyuma ya manowari, na siiti mpaka nimekagua mifumo yote ya jirani.

SWALI: Mambo. Nimeona mtu ana meli zenye injini na ngao za dark matter (mada ya giza), mi niko mwaka 2380 wa gemu na sijawahi kuziona kwenye orodha ya utafiti hata siku moja. Ni modi? (Msomaji wa kike, Mombasa)

JIBU: Poa dada, siyo modi, yaani siyo nyongeza iliyotengenezwa na wachezaji. Kuna zile himaya kongwe zinakaa kwenye kona yao hazipanuki wala hazina habari na mtu, gemu inaziita Fallen Empire. Njia iliyozoeleka ya kupata vitu vya dark matter ni kulipua meli za hawa wazee kisha kuyachunguza mabaki. Na si lazima uwamalize! Watu wanasubiri mpaka wawe na jeshi la kuifuta himaya nzima wakati unachohitaji ni kushinda pambano moja vizuri na ubaki wewe kwenye uwanja, maana ukikimbia nani atayachunguza.

Ila jiandae, meli zao ni chache lakini moja inatafuna zako nyingi. Halafu ukishapata ujuzi utakutana na kikwazo kingine, vifaa vyenyewe vinakula dark matter kama malighafi, na hiyo inachimbwa kwenye baadhi ya mifumo yenye shimo jeusi. Anza kujitafutia mfumo wa namna hiyo kabla hujachokoza wazee.

SWALI: Mkuu, laptopu yangu ni ya zamani sana, Stellaris haifunguki. Kuna gemu la namna hiyo la kuokota vitu vya wageni ambalo litaenda? (Msomaji, Kigoma)

JIBU: Lipo, tena ndo lenyewe hasa. UFO: Enemy Unknown la 1994, Marekani liliitwa X-COM: UFO Defense. Hapa huendi angani, wageni ndo wanakuja duniani na wewe unaongoza kikosi cha kuwazuia, na uchumi wako wote ni kuokota, unatungua chombo, unashinda vita ya ardhini, unabeba silaha, maiti, mabati, unapeleka maabara, na usichokihitaji unauza. Pata nakala yako halali halafu tumia OpenXcom, programu ya bure inayoliendesha vizuri kwenye mashine za sasa, hata hiyo ya kwako naamini itaweza.

Kitu cha kulinda kama mboni ni Elerium-115, mafuta ya vyombo vyao. Huwezi kuitengeneza kiwandani, ni kuokota tu. (Elementi namba 115 ya kweli ilikuja kutengenezwa Dubna, Urusi, 2003, miaka 9 baada ya gemu, leo inaitwa moskoviamu, na haina uhusiano wowote na mafuta ya sahani za anga.) Kila injini iliyo nzima inakupa 50. Kosa la kila anayeanza ni kutungua kila kitu anachokiona, chombo kikianguka injini zinaweza kulipuka zote ukakuta majivu. Kifuatilie kwa mbali na ndege yako, subiri kitue chenyewe, ndo umwage askari. Na mkiingia ndani waambie vijana waache maguruneti mfukoni, kile chumba cha katikati chenye injini kinasafishwa kwa risasi za kuhesabu.