Stika, picha na vitisho vya simuni: majibu kwa wazee, walimu na wanafunzi

Wenzake binti yangu wa kidato cha pili wamemtengenezea stika kwa uso wake, wanazirusha kwenye grupu la WhatsApp la darasa. Sasa kila asubuhi ya skuli tumbo linamuuma. Mwalimu anasema ni mzaha wa kitoto. (Mama, Fuoni)

Kwenye mzaha hucheka na anayefanyiwa pia. Huu si mzaha. Hofu ya kila siku huvuruga usingizi na tumbo, kwa hiyo maumivu ni ya kweli hata daktari asipoona kidonda. Mpeleke kituo cha afya kwanza, kisha angalia siku: yakipungua Jumamosi na Jumapili na kurudi Jumatatu alfajiri, chanzo kinajulikana. Lakini usitegemee nafuu kamili hata siku hizo za mapumziko. Matusi ya uwanjani huishia kengele ikilia; stika imehifadhiwa kwenye simu za darasa zima, na yeyote anaweza kuirusha tena saa sita za usiku au mwaka ujao. Ndiyo maana watoto wa namna hii hukosa usingizi, hushuka alama, hujitenga na marafiki zao, wengine huacha skuli. Ikiendelea, huzaa wasiwasi na sonona. Akisema anatamani kufa, au ukiona anajikata, usimwache peke yake. Hospitali siku hiyo hiyo.

Kabla ya kulalamika, kusanya ushahidi. Piga skrinshoti zinazoonesha namba ya mtumaji, tarehe na saa. Jina tu halitoshi, maana kila mtu huhifadhi jina atakalo. Fungua wasifu wake mpaka namba ionekane. Ujumbe wa kuonekana mara moja haukubali skrinshoti, upige picha kwa simu nyingine. Haya yote yatangulie kumzuia au kumripoti mtu, kwani hapo WhatsApp hukupa na nafasi ya kufuta mazungumzo, na wengi hukubali kwa hasira, ushahidi ukapotea. Kisha mwandikie mwalimu mkuu barua, na nakala ubaki nayo. Maneno ya mdomoni ofisini husahaulika.

Nimemnyang'anya mwanangu simu ili yaishe. Sawa? (Baba, Wete)

Si sawa. Watoto wengi hunyamaza kwa kuogopa hilo hilo. Umemwadhibu aliyeonewa, na grupu linaendelea kumsema bila yeye kujua. Mrejeshee, mkubaliane simu zote zilale sebuleni kuanzia saa tatu usiku. Yako pia.

Nina miaka 15. Nilimtumia mtu picha yangu bila nguo. Sasa anataka pesa, la sivyo atampelekea baba. Nifanyeje? (Mwanafunzi, Pemba)

Mwanetu, anayekutisha ndiye mkosaji. Usimlipe, anayelipwa mara moja hurudi. Usimtumie picha nyingine hata akiapa kuwa ni ya mwisho, na usifute mazungumzo hata yakikutia aibu, maana ndiyo ushahidi wako. Mwambie mtu mzima mmoja unayemwamini, awe mama, shangazi au mwalimu wa ushauri nasaha. Ukishindwa, piga 116, simu ya mtoto, ni bure. Kutoka hapo jambo liende Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi.

Kwa walio chini ya miaka 18 ipo pia huduma ya bure ya mtandaoni iitwayo Take It Down. Picha yenyewe haitoki kwenye simu yako. Hutengenezwa alama yake tu, mfano wa alama ya kidole, na mitandao inayoshiriki, kama Facebook, Instagram na TikTok, huitumia kuitambua na kuiondoa. Haiingii kwenye mazungumzo yaliyofungwa kwa usimbaji, yaani yasiyosomeka ila na wanaoandikiana.

Na nyinyi wakubwa: picha hiyo msiirushe kwa sheha, kwa mwalimu wala kwenye grupu la ukoo eti ni ushahidi. Kusambaza picha za utupu za mtoto ni kosa, hata nia ikiwa njema. Ibaki ilipo, ichukuliwe simu yenyewe mpaka polisi.

Mambo haya hufanyika usiku majumbani. Skuli inaingiaje? (Mwalimu, Chake Chake)

Inaingia kwa sababu asubuhi wote wamo darasa moja. Usiwataje wanaohusika mstarini, utawatangazia waliokuwa hawajaiona stika au picha hiyo. Zungumza na kila mmoja peke yake. Suluhu ya kushikana mikono mbele ya wenzao haifai, maana aliyeonewa hukubali kwa woga na jioni hulipiziwa. Wanaohusika wazifute stika na picha mbele ya wazee wao, ushahidi ukishahifadhiwa. Ikibidi mtu ahamishwe dawati, ahame mwonevu.

Nimegundua mwonevu ni mwanangu. (Mama, Jang'ombe)

Fimbo itamfundisha kufungua akaunti feki tu. Muulize ametuma nini, kwa nani, na kama naye aliwahi kufanyiwa. Baadhi yao walifanyiwa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, ambayo isipokuwa kifungu cha 50 inatumika Zanzibar pia, kwenye kifungu cha 23, kinachohusu uonevu wa mtandaoni, inaweka faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Mtoto ana utaratibu wake chini ya Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya 2011, lakini laini ikiwa imesajiliwa kwa kidole chako, atakayeulizwa kwanza ni wewe.

Nibadilishe nini kwenye simu yake? (Baba, Makunduchi)

WhatsApp: Mipangilio, Faragha, Vikundi, uchague waliomo kwenye orodha ya namba zake tu, asiingizwe kwenye magrupu na wasiojulikana. Kisha angalia mwaka wa kuzaliwa alioandika TikTok. Walio chini ya miaka 16 akaunti zao huanza zikiwa za faragha na hawapokei ujumbe binafsi; aliyejiandika ana miaka 20 hupoteza kinga hizo zote. Ukikuta hivyo, ifutwe, ifunguliwe mpya kwa umri wa kweli. Na kama hajafika miaka 13, masharti ya mtandao wenyewe hayamruhusu kuwamo.